Gari likiharibika safarini, tazama watu kwanza

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, maelfu ya familia za mijini hufunga mizigo na kushika njia. Wakazi wa Nairobi huteremka Mombasa na Malindi kupunga upepo wa bahari, huku wengine wakielekea Kisumu, Kakamega, Kisii au Meru kuwajulia hali wazee. Ingawa treni ya kisasa imekuwa ikibeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tangu mwaka wa 2017, wengi bado hupendelea gari la nyumbani. Gari hilo hubeba watoto, nyanya, mikungu ya ndizi na godoro bila kudai nauli.

Lakini gari ni chombo, na hakuna chombo kisichoharibika. Laweza kuchemka katika mteremko wa joto baada ya Mtito Andei, laweza kupasuka gurudumu karibu na Salgaa, au likazimika ghafla usiku katika baridi ya Timboroa. Jambo la kusikitisha ni kwamba wenye magari wengi hujiandaa kwa hitilafu ya gari, lakini hawajiandai kwa ajili ya watu waliomo. Ndani ya buti mna jeki, spana na gurudumu la ziada, ilhali hamna maji ya kunywa wala kisanduku cha dawa. Gari likisimama, baba hufungua bonneti, kila mtu akainamia injini, na hakuna anayemkumbuka mtoto mchanga aliyelala kiti cha nyuma.

Msomaji, gari laweza kungoja fundi hadi kesho. Mtoto aliyeishiwa na maji mwilini au mgonjwa wa kisukari hawezi kungoja hivyo. Hebu tuangalie hatari zinazoikabili familia iliyokwama njiani, na yale unayoweza kuyafanya ili nyote mfike salama.

Dakika za kwanza

Hatari kubwa kuliko zote gari linapokwama si njaa wala majambazi, bali ni magari mengine. Dereva wa lori linaloteremka kwa kasi huenda asikuone mpaka akufikie. Taifa hili halijasahau jioni ya tarehe 30 Juni 2023 katika makutano ya Londiani, ambapo lori lilipoteza mwelekeo na kuwavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wakiwemo wachuuzi na wasafiri. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wengi wao hawakuwa wakiendesha chochote.

Kwa hivyo, unapohisi gari linaanza kukataa, usingoje lizimike katikati ya njia. Washa taa za tahadhari na ulielekeze taratibu upande wa kushoto, nje kabisa ya lami iwezekanavyo. Epuka kusimama kwenye kona au nyuma tu ya kilele cha mlima ambapo wanaokuja hawakuoni. Vuta breki ya mkono, kisha uwateremshe abiria wote kupitia milango ya kushoto, mbali na magari yanayopita. Watoto wadogo washikwe mkono tangu wanapokanyaga chini.

Wapeleke watu hatua kadhaa kutoka barabarani, ikiwezekana mahali palipoinuka au nyuma ya kizuizi cha chuma. Asisimame mtu nyuma ya gari wala mbele yake, maana likigongwa litasukumwa juu yake. Hilo ndilo kosa linalotendwa na wengi: watoto hukalishwa kwenye kivuli cha gari lenyewe kwa sababu jua ni kali, nao wazazi hudhani wamewahifadhi.

Kisha weka zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, moja nyuma na nyingine mbele. Isiwe karibu ya hatua tano kama tuonavyo mara nyingi. Tembea angalau mita 50, na katika barabara kuu ambako magari huenda kasi afadhali uongeze. Unapokwenda kuiweka, ibebe mbele ya kifua chako ili uonekane. Iwapo huna, na umelazimika kutumia matawi ya miti kama ilivyo desturi, yaondoe kabla ya kuondoka. Mawe usiyatumie kabisa. Jiwe lililosahauliwa barabarani usiku ni kifo kwa mwenye pikipiki.

Gari ni tanuri

Wazazi wengine huona ni vyema kuwaacha watoto ndani ya gari "wapumzike" wakati fundi anaposhughulika. Mahali penye jua, jambo hili laweza kuua. Vioo huingiza miale ya jua na kuzuia joto lisitoke. Ikiwa nje kuna joto la nyuzi 30, kama ilivyo kawaida mchana huko Voi au Mariakani, ndani ya gari lililofungwa joto hilo laweza kufika nyuzi 40 kwa muda wa dakika 10 tu, na kukaribia 50 baada ya nusu saa. Kukifungua kioo kidogo hakusaidii sana.

Mwili wa mtoto hupata joto upesi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima, na mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anaungua. Hulia kidogo, kisha akanyamaza. Kimya hicho kisikufurahishe.

Dalili za mtu aliyezidiwa na joto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mikakamao ya misuli na jasho jingi. Hali ikizidi, ngozi huwa ya moto sana, mgonjwa akaanza kupayuka maneno yasiyo na maana, kutapika, kuzimia au kupatwa na degedege. Hapo joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, na ubongo umo hatarini.

Usingoje gari litengenezwe. Mweke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa nguvu. Leso iliyoloweshwa maji na kuwekwa shingoni, kwapani na kwenye mapaja husaidia sana. Kama yuko timamu, mpe maji kidogo kidogo. Kama hana fahamu, usimtie chochote mdomoni. Simamisha gari lolote linalopita na umpeleke hospitali iliyo karibu, huku mkiendelea kumpoza njiani.

Rejeta inapochemka

Mvuke ukifuka kutoka kwenye bonneti, wengi hukimbilia kufungua kifuniko cha rejeta wakidhani wanaiokoa injini. Matokeo yake ni majeraha mabaya ya uso, kifua na mikono.

Sababu ni hii. Maji yaliyomo kwenye rejeta hufungiwa kwa shinikizo ili yaweze kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Unapokizungusha kifuniko, shinikizo lile hutoweka ghafla na maji hugeuka kuwa mvuke papo hapo. Huruka juu kama chemchemi. Kitambaa ulichoshika mkononi hakiwezi kukukinga.

Zima injini, kaa mbali, na ungoje angalau nusu saa. Gusa mpira wa juu wa rejeta kwa uangalifu. Kama bado ni moto na mgumu, ngoja zaidi. Ukishapoa, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, geuza uso upande, na ukilegeze kidogo kidogo mpaka uvumi wa hewa uishe. Wakati wote huo watoto wawe mbali.

Ikiwa mtu amekwisha kuungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Kama maji ni machache, yamimine kidogo kidogo kwa kikombe bila kuacha. Vua pete, saa na bangili kabla ya mkono kuvimba. Usipake dawa ya meno, siagi, mafuta, unga wala ute wa yai, hata jirani aliyesimama hapo akikuapia kwamba alipona kwa njia hiyo. Vitu hivyo huhifadhi joto ndani ya ngozi na kuleta uchafu kwenye kidonda. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha mtafutie daktari, hasa kama jeraha limeshika uso, mikono, sehemu za siri, au kama aliyeungua ni mtoto.

Maji ya gari na maji ya watu

Familia ya watu watano iliyokwama juani kwa saa nne yaweza kumaliza lita kumi za maji kwa urahisi. Watu wengi hubeba chupa mbili za soda. Kiu ikizidi, wao hunywa chochote: maji ya mtaro, ya kisima kisichojulikana, au yale ya mtungi uliowekwa kwa ajili ya rejeta.

Lazima tutoe onyo hapa. Maji ya rangi ya kijani, nyekundu au buluu yanayouzwa kwa ajili ya rejeta huwa na kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Kemikali hii ina ladha tamu, na ndiyo sababu watoto huipenda. Huharibu figo na ubongo, na kiasi kidogo chatosha kumuua mtoto. Usiyanywe, usioshee matunda, wala usiache chupa yake wazi. Mtungi wa rejeta uwe na alama ambayo hata mtoto anaitambua, na usiwe chupa iliyokuwa ya soda au ya maji ya kunywa. Iwapo mtu ameyanywa, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na ubebe chupa hiyo ili daktari aione.

Msafiri aliyeanza kuharisha au kutapika njiani apewe maji ya chumvi na sukari. Pakiti zake huuzwa katika maduka ya dawa na ni nyepesi kubeba. Ukizikosa, pima lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, kisha ukoroge mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, hata akitapika. Mtoto mchanga asiyefikisha miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Mama naye anywe maji ya kutosha ili maziwa yasipungue.

Utamtambuaje mtu aliyepungukiwa na maji? Mdomo hukauka, mkojo huwa mchache na wa rangi iliyokolea, macho huingia ndani, na mtoto hulia bila machozi.

Petroli, betri na jeki

Baadhi ya madhara ya safari huletwa na jitihada za kulitengeneza gari. Petroli ikiisha, utaona mtu akitia mpira katika tangi la gari la mwenzake na kuvuta kwa mdomo. Petroli inayopotea njia na kuingia mapafuni, hata ikiwa ni kidogo tu, yaweza kuleta kichomi kibaya. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, maana inapopanda tena ndipo hupata nafasi ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali. Wala usiende kuchota petroli au hata kutazama pale lori la mafuta lilipoanguka. Huko Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea kwa moto walipokuwa wakikinga mafuta yaliyomwagika.

Betri ya gari ina asidi kali, na inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Usiwashe kiberiti ili uone kama ina maji, na sigara iwe mbali. Mkiwasha gari kwa kutumia betri ya gari jingine, waya mwekundu uunganishwe na alama ya kujumlisha katika betri zote mbili. Ule mweusi uanze kwenye alama ya kutoa ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 huku jicho likiwa wazi, kisha nenda hospitali.

Kuhusu jeki, kumbuka jambo moja: jeki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia juu ya mtu. Asiingie yeyote chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka kabari za mbao kwenye magurudumu yaliyo upande mwingine, mteremshe kila abiria, na uweke jeki mahali pagumu pasipo na mchanga. Unapoinua gurudumu, chuchumaa, ulilete karibu na kifua, kisha uinuke kwa nguvu za miguu. Wanaume wengi wa ofisini hurudi kutoka likizo wakiugua mgongo kwa kuinama na kulinyakua gurudumu kwa ghafla.

Baridi ya milimani

Wasafiri wa kuelekea magharibi hukabiliwa na shida tofauti. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku huko baridi hupenya mpaka mifupani. Familia iliyotoka Nairobi mchana ikiwa na nguo nyepesi yaweza kuteseka, hasa watoto wachanga na wazee, ambao miili yao hupoteza joto upesi.

Kishawishi kinachokuja hapo ni kufunga vioo vyote na kuacha injini ikinguruma ili gari lipate joto. Wengine waliobeba jiko la makaa huliwasha ndani. Moshi wa gari na makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Walio ndani husikia kichwa kizito na usingizi mtamu, nao huenda wasiamke tena. Bomba la moshi lililotoboka au lililozibwa na matope huifanya hatari hii kuwa kubwa zaidi.

Zima injini. Vaeni soksi, kofia na masweta, kisha mkae mmebanana chini ya blanketi. Mtoto awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa. Kioo kimoja kiachwe wazi kidogo. Na jiko lisiingie ndani ya gari hata kama limekwisha kufifia.

Mbu, nyoka na wanyama

Kati ya Mtito Andei na Voi, mwendo wa karibu kilomita 100, barabara ya Mombasa hupita katikati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Nyani hungoja chakula kando ya njia, na ndovu huonekana mara kwa mara. Simba pia wamo. Ukikwama hapo, msitawanyike. Mtoto asiende peke yake msituni kujisaidia, hata hatua kumi. Giza likiingia, kama gari limeondolewa kabisa barabarani, ni salama zaidi kukaa ndani yake mkiwa mmewasha taa za tahadhari kuliko kuketi kwenye nyasi.

Usiingize mkono chini ya mawe au magogo kutafuta kizuizi cha gurudumu. Nyoka na nge hupumzika humo wakati wa jua. Beba kabari zako mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembee, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, naye akimbizwe hospitali. Usimchanje, usimnyonye sumu, wala usimfunge kamba ya kubana.

Mbu naye ni mdogo lakini asidharauliwe. Pwani na maeneo ya kandokando ya Ziwa Victoria yana malaria kwa wingi. Wakazi wa Nairobi, hasa watoto waliozaliwa na kukulia humo, hawana kinga ya kutosha dhidi yake. Ukikwama huko jioni, vaeni nguo za mikono mirefu, mjipake dawa ya kufukuza mbu, na mtoto afunikwe chandarua. Malaria huanza kuonekana kwa kawaida siku saba au zaidi baada ya kuumwa. Kwa hivyo, mtu wa nyumba yako akishikwa na homa wiki kadhaa baada ya safari, mwambie daktari mlikopita na muombe damu ipimwe siku hiyo hiyo. Usidhani ni mafua tu.

Wagonjwa, wazee na waja wazito

Safari ya saa nane ikigeuka kuwa ya saa ishirini, atakayeumia kwanza ni yule anayetegemea dawa. Dawa zisiwekwe kwenye buti wala dashibodi, ambako joto huziharibu. Zikae kwenye mkoba unaobebwa na mtu mzima, na ziwe za siku tatu zaidi ya mlizopanga.

Insulini iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida yaweza kukaa nje ya friji kwa muda wa wiki nne hivi, mradi isipate joto kali. Ifunge kwa kitambaa kikavu na kuitia ndani ya chombo cha kuhifadhi baridi, lakini isigusane na barafu, kwani ikiganda hufa nguvu. Mgonjwa wa kisukari asichome sindano na kukaa na njaa akingojea fundi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka: mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, halafu chakula. Akiwa hana fahamu, asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni, kwa maana vumbi na moshi wa malori huamsha maradhi hayo. Mgonjwa wa siko seli anywe maji mengi na kukingwa na baridi, kwa kuwa ukavu wa mwili na baridi humletea maumivu makali. Waja wazito na wazee wanyooshe miguu na kutembea kidogo kila baada ya saa mbili, mahali salama, ili damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mtu akishindwa kupumua ghafla, hayo si ya kungoja mwisho wa safari. Mama mjamzito akitokwa na damu au maji, jambo la gari liachwe na atafutiwe hospitali kwa njia yoyote.

Hasira na uchovu

Gari likikwama, maneno huanza. Mke atauliza kwa nini halikupelekwa kwa fundi wiki iliyopita, mume atajibu kwamba pesa zilitumika kununua zawadi, na nyanya atasema yeye alionya tangu mwanzo. Watoto husikia yote na kuogopa. Mgonjwa wa shinikizo la damu hana haja ya mabishano hayo. Afadhali mgawane kazi: mmoja ashughulikie gari, mmoja awaangalie watoto na wagonjwa, mwingine apige simu. Hata mtoto wa miaka saba aweza kupewa kazi ya kuhesabu malori yanayopita au kumpepea mdogo wake. Mwenye kazi haogopi sana.

Hatari nyingine huja baada ya gari kupona. Dereva aliyehangaika juani kwa saa tano huona ni lazima afidie muda uliopotea, naye hukanyaga mafuta usiku kucha. Haraka haraka haina baraka. Akipiga miayo mfululizo, macho yakawasha, au akapita mji bila kukumbuka aliupita lini, tayari amekwisha kusinzia. Kufungua kioo, redio na kahawa havichukui nafasi ya usingizi. Laleni Mtito Andei, Voi, Nakuru au popote palipo salama, muendelee asubuhi.

Kabla ya kuondoka

Siku mbili kabla ya safari, fundi atazame rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, breki, betri, taa na magurudumu yote, pamoja na lile la ziada. Hitilafu nyingi za njiani huwa zimeonyesha dalili zake mjini. Kisha wewe mwenyewe pakia haya, mahali pa kufikiwa bila kushusha mizigo yote:

Maji ya kunywa, angalau lita tatu kwa kila mtu, na mengine tofauti ya gari. Chakula kisichoharibika upesi, kama vile njugu, biskuti, ndizi na mkate. Sukari, chumvi na pakiti za maji ya chumvi na sukari. Kisanduku cha huduma ya kwanza chenye bendeji, pamba, glavu, mkasi, sabuni na dawa ya kutuliza maumivu. Dawa za kila mgonjwa. Blanketi, leso mbili tatu, kofia za jua na sweta kwa kila mtoto. Chandarua na dawa ya mbu. Tochi, pembetatu mbili, kabari na kizimamoto. Betri ya ziada ya simu.

Andika pia kwenye karatasi nambari za jamaa, za fundi wako na za hospitali zilizo njiani, maana simu ikizima huzima na nambari zake zote. Polisi hupatikana kwa 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199. Mjulishe mtu mmoja mnakoondoka na anakotakiwa kuwategemea, na kila mnapopita mji mkubwa mpigieni. Mkichelewa, atajua aanzie wapi kuwatafuta.

Mkoba huu wote hauchukui nafasi zaidi ya mtoto mmoja aliyekaa. Kama buti limejaa, punguza viazi, usipunguze maji. Safari njema.